Miaka kumi na moja ya usukani, na bado kafeli: kisa cha dereva wa Dar mjini Milton Keynes

Kisheria, mwanamke huyu alikuwa dereva halali tangu siku alipotua Uingereza. Leseni yake ya Tanzania ilikuwa hai, daraja D, na sheria za hapa zinamruhusu mtu aliyehamia kutoka nchi kama yetu kuendesha gari dogo kwa leseni ya kwao kwa miezi 12. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ulipoanza kuishi hapa. Haihesabiwi tangu uliponunua gari, wala haianzi upya kwa sababu umekwenda likizo Bongo ukarudi. Ikishaisha, unakuwa sawa na kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kushika usukani: gari linabandikwa vibao vya L vyekundu mbele na nyuma, na pembeni yako lazima akae mtu mwenye umri usiopungua miaka 21 na leseni kamili aliyoishika kwa miaka isiyopungua mitatu.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nafundishia Milton Keynes na Bletchley, na sehemu nzuri ya wanafunzi wangu ni watu wanaojua kuendesha. Kisa cha huyu nakiandika kwa ruhusa yake, bila jina na bila mambo ya kumtambulisha. Nitamwita Dada, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikimwita garini, naye akiniita kaka. Nakiandika kwa sababu kufeli kwake kulionekana ni jambo la sekunde tatu pembeni ya mtaa mmoja, na ukisoma karatasi ya matokeo ndicho utakachokiamini. Ukikifuatilia unakuta kilianza mbali zaidi.

Dada alikuja kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kazi hiyo ni ya gari: asubuhi uko kwa bibi mmoja kumwogesha na kumpa dawa, nusu saa baadaye uko kijiji cha jirani kwa mwingine, na mabasi ya huko ni ya kubahatisha. Mwajiri alimtaka awe na leseni na gari, naye alikuwa nayo leseni. Akanunua Toyota ndogo ya otomatiki, akakata bima, akaanza kazi. Kwa miezi kumi hakuwahi kugusa gari la mtu wala kupigwa faini. Ndipo mfanyakazi mwenzake kutoka Zimbabwe alipomuuliza kama ameshabadilisha leseni.

Swali lenyewe lilikuwa na mtego. Leseni ya Zimbabwe inabadilishwa hapa kwa fomu na ada, haina mtihani, na ya Afrika Kusini vilevile. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo kwenye orodha hiyo. Dada alidhani naye atajaza fomu. Alipopiga simu kuniuliza ofisi iko wapi, ilibidi nimwambie kwamba hakuna ofisi. Kuna lena, yaani leseni ya muda ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani, na foleni.

Foleni ndiyo iliyomkata. Huwezi kuweka tarehe ya mtihani wa barabarani kabla hujafaulu nadharia. Mfumo wa DVSA, taasisi inayosimamia mitihani hii, hufungua tarehe za hadi wiki 24 mbele, na kwenye vituo vingi ukiingia leo unakuta zilizobaki ni za mwishoni mwa hizo wiki 24 au hakuna kabisa. Dada alikuwa amebakiwa na miezi miwili, bado hana hata lena. Lena ya kuomba kwa posta ni paundi 43, unajaza fomu ya D1 unayoichukua Posta, unaituma DVLA, taasisi inayotoa leseni, kule Swansea pamoja na vitambulisho vyako, unasubiri. Kwa hesabu yoyote ile asingeweza kumaliza kabla ya miezi 12 kwisha. Kesi yake ilikuwa imeshaharibika kabla hajafeli chochote.

Nilimuuliza kwa nini hakuomba lena mwezi wa kwanza. Jibu lake nimelisikia kwa wengi: aliogopa kwamba akiwa na lena mkononi atalazimika kubandika L na kutafuta mtu wa kukaa naye, kwa hiyo atapoteza haki ya kuendesha mwenyewe. Si kweli. Ndani ya miezi 12, masharti ya lena hayamhusu mwenye leseni kamili halali ya kwao. Unaweza kuwa nayo mfukoni, ukafanya nadharia, ukaweka tarehe ya barabarani, na bado ukaenda kazini peke yako bila kibao chochote. DVLA wenyewe wanaeleza hivyo. Lakini habari za namna hii huwa tunapeana kanisani, msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp, na huko uoga husafiri haraka kuliko fomu.

Nadharia nayo ilimchezea. Mtihani una sehemu mbili za siku moja, paundi 23. Sehemu ya kwanza ni maswali 50 ya kuchagua ndani ya dakika 57, na unatakiwa kupata 43. Tafsiri za lugha za kigeni zilifutwa Aprili 2014, kwa hiyo unafanya kwa Kiingereza au Kiwelisi, lakini kwa Dada hilo halikuwa tatizo. Alisoma kitabu cha sheria za barabarani kwa bidii ya mtu wa kidato cha nne, akapata 47.

Sehemu ya pili ni ya kutambua hatari. Unaonyeshwa klipu 14 za barabarani kama anavyoona dereva, na unabofya kipanya unapoona hatari inajitengeneza. Jumla ya hatari zinazopewa alama ni 15, kwa kuwa klipu moja ina mbili. Kila hatari ina alama 5 ukiiwahi, halafu alama zinashuka 4, 3, 2, 1 kadiri unavyochelewa. Kufaulu ni 44 kati ya 75. Dada alipata 40.

Alikasirika, na kusema kweli nilimwelewa. Mtu aliyeendesha kutoka Tabata hadi Posta kila siku, akapita Buguruni saa kumi na moja jioni katikati ya mikokoteni, bodaboda na daladala zinazosimama popote abiria alipoinua mkono, anaambiwa hajui kuona hatari! Tulipofanya mazoezi kwenye kompyuta nikaona kinachotokea. Alikuwa anawahi mno. Mtoto yuko bustanini na mpira, mita 80 mbele, Dada ameshabofya. Kompyuta inafungua dirisha la alama pale mtoto anapoanza kuelekea barabarani, na bofyo la kabla ya hapo halihesabiki. Yeye akishabofya anahesabu kwamba kazi imekwisha, anasubiri hatari nyingine, na dirisha la ile ya kwanza linafunguka na kufungwa bila yeye kugusa kitu. Alikuwa anakosa alama kwa kuwa na jicho kali kupita mashine.

Dawa yake ni ndogo na haina heshima: ukiona, bofya, hesabu moja kimoyomoyo, bofya tena. Usibofye ovyo, maana kompyuta ikiona unabofya kwa mpangilio kama unapiga ngoma inakupa sifuri kwenye klipu hiyo. Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku tatu za kazi, na unalipa tena paundi 23. Mara ya pili alipata 58. Hakuwa amejifunza chochote kipya kuhusu barabara.

Kabla ya barabara tulibishana kuhusu gia. Dada alitaka afanye mtihani kwa gari la klachi ili leseni yake iwe kamili. Ukifaulu kwa otomatiki, leseni inakuruhusu otomatiki tu, na kwake hilo lilisikika kama cheti cha nusu. Nikamuuliza lini mara ya mwisho aliendesha gia. Ilikuwa chuo cha udereva. Tangu hapo ni Vitz ya dada yake, kisha IST yake mwenyewe, kama nusu ya Dar es Salaam. Gari alilonalo hapa ni otomatiki, na mwajiri hampi gari. Nilikataa kumfundisha klachi, na mpaka leo naona nilikuwa sahihi. Mtu mwenye miezi miwili na mazoea ya miaka 11 ya kuvunja haongezewi kanyagio la tatu. Kama kuna siku atahitaji gia, atarudi kufanya mtihani wa barabarani tena kwa gari la gia, na nadharia hatairudia. Kijana wa miaka 18 ningemshauri vingine.

Masomo yenyewe yalianza vibaya kwa sababu yalianza vizuri. Alikaa kwenye usukani kama mtu wa nyumbani, akatoka, akaingia barabarani laini bila kushtuka. Wanafunzi wanaoanza huniogopesha kwa mikono yao, ila Dada alinipa kazi na shingo yake. Alikuwa haigeuzi. Anajua kilicho nyuma yake, kwa sababu Dar usipojua unachubuliwa, lakini anajua kwa jicho la pembeni, kwa mlio wa pikipiki, kwa hisia. Mtahini haoni hisia. Anachotaka kuona ni kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, na kabla ya kung'oa gari kutoka pembeni, kichwa kigeuke juu ya bega la kulia kutazama pale ambapo vioo havifiki. Wakati huohuo sitaki msomaji adhani ni maigizo tu. Baiskeli za umeme hapa hazina mlio, na hisia ya Buguruni ilijengwa juu ya milio.

Kulikuwa na mengine. Nafasi ya mbele aliibana, maana Dar ukiacha mwanya kuna mtu atakuchomekea, na ilinichukua muda kumshawishi kwamba hapa mwanya wa sekunde mbili unaachwa na haumnufaishi mwizi yeyote. Mvua ikizidi mkono ulikwenda wenyewe kwenye taa za hazadi. Akimpisha mtu anampungia apite, na hilo mtahini hulipinga, kwa kuwa ukimwita mtu avuke umemwahidi kitu usichokimiliki: gari la upande wa pili huenda halijamwona. Haya yote yalinyooka kwa mazoezi.

Halafu kuna mwendo, na hapa lazima nieleze mji. Milton Keynes ni mji mpya, ulianzishwa 1967, ukachorwa kwa barabara kuu zinazokatizana kama daftari la hesabu. Za mlalo zinaitwa H, za wima zinaitwa V, na karibu kila zinapokutana pana kipilefti. Mji una vipilefti zaidi ya 100. Barabara hizo hazina nyumba wala maduka pembeni, ni miti na majani, na waenda kwa miguu wana njia zao zinazopita chini au juu. Nyingi zina kile kibao cheupe cha duara chenye mstari mweusi wa mshazari, kisicho na namba. Maana yake ni ukomo wa kitaifa: kwa gari dogo, maili 60 kwa saa kwenye barabara ya kawaida yenye upande wa kwenda na wa kurudi, na 70 kama pande hizo mbili zimetenganishwa na ukuta au tuta. Maili 60 ni kama kilomita 96.

Dada kwenye barabara ya 60 aliendesha 42.

Nikimwambia aongeze, anaongeza hadi 48, baada ya nusu maili amerudi 42. Mwanzoni nilidhani ni uoga wa mwendo, nikakosea kidogo katika kumuuliza kama aliwahi kupata ajali. Hakuwahi. Siku moja akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa, jinsi alivyokuwa akienda Morogoro kwa wazazi kila Pasaka na Krismasi. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50, na nyuma ya mwembe kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Kibao cha mwisho wa 50 wakati mwingine kimeng'olewa, au kimefunikwa na majani, na trafiki hapokei maelezo. Kwa hiyo dereva mwenye akili, asiyetaka kutoa faini wala kutoa kingine, akiwa hana uhakika anapunguza. Dada hakuwahi kukamatwa na tochi hata mara moja na alijivunia hilo. Alikuwa ameelimishwa na barabara ile kwamba polepole ni salama na ni halali kila mahali. Kibao kisicho na namba kwake kilikuwa ndiyo mashaka yenyewe.

Hapa polepole isiyo na sababu ni kosa. Linaandikwa kwenye fomu ya mtahini kama makosa mengine, chini ya mwendo unaofaa. Nilimwambia, akakubali kwa mdomo, na nadhani hakuamini.

Miezi 12 ikaisha tukiwa bado tunasubiri tarehe. Mwajiri, kwa haki kabisa, alimtoa kwenye zamu za majumbani akampeleka kwenye nyumba ya wazee iliyo kwenye njia ya basi, kwa saa chache zaidi. Gari lake likabaki limeegeshwa, mpaka muumini mwenzake, baba mmoja mwenye leseni ya hapa ya miaka mingi, alipojitolea kukaa naye Jumapili baada ya ibada. Wenzake wengine walimshauri aendelee kuendesha kimyakimya, nani atajua. Kamera zinazosoma namba za magari zitajua, au bima itajua siku ya kugongwa. Kuendesha nje ya masharti ya leseni kunaweza kukupa pointi 3 hadi 6 za adhabu kwenye leseni na faini ya hadi paundi 1,000, na kwa kuwa bima yako inakuwa haikulindi, polisi wanaweza kulichukua gari palepale. Dada hakutaka hata kulisikia shauri hilo.

Madalali wa tarehe nao walimfikia. Wapo watu wanaozikusanya tarehe na kuziuza kwa bei ya juu mara mbili tatu ya paundi 62 rasmi za siku ya kazi. Hakununua. Alikuwa akifungua ukurasa wa DVSA alfajiri kabla ya zamu kutafuta tarehe walizoziacha wengine, na ndivyo alivyoipata Jumanne moja asubuhi.

Alinitaka nikae kiti cha nyuma, jambo ambalo linaruhusiwa mradi nisiseme kitu. Namba ya gari lililo umbali wa mita 20 aliisoma bila kukunja uso. Swali la maelezo kabla ya kuondoka lilikuwa kina cha kashata za tairi, akajibu milimita 1.6. Robo saa ya kwanza Bletchley aliendesha vizuri kuliko siku zote, shingo inageuka, vioo vinatazamwa. Aliegesha kinyumenyume kwenye kisanduku kwa mpigo mmoja. Kikaja kipande cha kujitegemea, kama dakika 20 za kufuata kifaa cha kuelekeza njia, na kifaa kikamtoa mitaani kikampeleka kwenye barabara ya V.

Kibao cheupe, mstari mweusi. Dada akapanda hadi 44 akakaa hapo. Nyuma yake ikaja vani nyeupe, ikasogea, ikasogea zaidi. Nikiwa kiti cha nyuma niliiona grili yake vizuri kuliko nilivyotaka. Sasa macho ya Dada yakaanza kuishi kwenye kioo cha ndani. Mtahini aligusa tableti yake mara moja, kisha mara nyingine. Tukafika kipilefti, akatoka kushoto kuingia mtaa wa makazi wa 30, na vani ikatufuata. Akaingia na 34, kwa kuwa mtu anayesukumwa haachi kusukumwa kwa sababu kibao kimebadilika. Kifaa kikasema pinda kushoto, barabara ya pili. Akatazama kioo, akawasha indiketa, akatazama kioo tena kuiona vani inafanya nini, akakata kona.

Kwenye ukingo wa ile barabara ya kushoto palikuwa na mzee na mbwa wake. Mguu mmoja wa mzee ulikuwa umeshashuka barabarani. Akaurudisha. Dada alipita.

Tangu Januari 29, 2022, kitabu cha sheria za barabarani cha hapa kinamtaka dereva anayepinda kuingia barabara nyingine ampishe anayevuka au anayesubiri kuvuka barabara hiyo. Mzee alikuwa ameshaanza. Hilo ni kosa zito, na zito moja linatosha kukuangusha. Makosa madogo unaruhusiwa hadi 15. Dada aliendesha dakika zilizobaki vizuri kabisa bila kujua kwamba mtihani umekwisha.

Mtahini alipotuacha, tulikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kaka, yule mzee si alikuwa amesimama tu?"

"Alikuwa ameshashuka, dada."

"Dar angesubiri."

"Dar ndiyo."

Karatasi ya matokeo ilikuja kwa barua pepe: makosa madogo saba, zito moja. Zito liko kwenye kipengele cha kuwa macho na kupanga mapema. Kati ya madogo, mawili ni ya mwendo unaofaa, matatu ya vioo. Walimu wengi wangeisoma karatasi hiyo kutoka kwenye zito: mwanafunzi haoni waenda kwa miguu, basi tupige mazoezi ya waenda kwa miguu. Mimi nilipinga usomaji huo na bado naupinga. Mtu aliyempa mtoto wa bustanini bofyo kabla ya mashine hana tatizo la kuona watu. Hakumwona mzee kwa sababu macho yalikuwa nyuma, yalikuwa nyuma kwa sababu ya vani, na vani ilibana kwa sababu tulikuwa 44 mahali pa 60. Fomu ya mtahini huandika kila kosa kwenye mstari wake. Barabarani yalikuwa kosa moja refu.

Simtetei dereva wa vani. Kumbana mwenye L ni ushenzi, na kwa sheria anayebana ndiye mwenye makosa. Lakini mtahini hampimi yule.

Tarehe ya pili inawekwa baada ya siku 10 za kazi zisizopungua, kwa hali ya foleni ikawa miezi kadhaa, ada ileile. Nilipunguza masomo badala ya kuyaongeza, na tukafanya mambo mawili tu. La kwanza ni 60. Jumapili alfajiri barabara za H na V huwa tupu, na tulizipita hizo mpaka 60 ikaacha kuwa jambo la kutangaziwa. Sikumwambia tena aongeze. Nilimtaka aniambie kibao kinasemaje na sisi tuko ngapi, na kama kuna tofauti, kwa nini. Mvua ni sababu. Trekta ni sababu. Kona usiyoona mwisho wake ni sababu. Trafiki wa Chalinze si sababu.

La pili ni kusema. Dereva anatamka kwa sauti anachokiona na anachokusudia kufanya, mfululizo. Mbinu hii ni ya zamani, hata polisi wa Uingereza hufunzwa hivyo. Kwa Kiingereza Dada alikwama, maana alikuwa anatafuta maneno badala ya kutazama barabara. Nikamwambia aseme Kiswahili. Garini kukawa kama redio. "Kibao cheupe, sitini, nipo hamsini na nane. Kioo, nyuma kuna gari, liko mbali. Kipilefti mbele, natoka ya pili, kulia anakuja mmoja, namwacha. Basi limesimama, litatoka. Mama na kigari cha mtoto kushoto, anataka kuvuka, napunguza, pita mama yangu." Faida yake ni kwamba mdomo hauwezi kusema vani kwa dakika nzima. Unaishiwa cha kusema, na macho yanalazimika kwenda mbele kutafuta neno lingine.

Siku ya mtihani wa pili hakunitaka kiti cha nyuma. Alisema nilikuwa napumua kwa sauti. Akarudi na makosa madogo manne, hakuna zito, na moja kati ya hayo manne lilikuwa mwendo: mtahini aliandika kwamba alichelewa kidogo kupunguza alipoingia eneo la 20. Nililicheka hilo peke yangu.

Nikipiga hesabu ya kesi nzima, lena, nadharia mbili na mitihani miwili ya barabarani ni paundi 213. Masomo ni zaidi ya hapo, kwa kuwa saa moja kwa mwalimu hapa ni takriban paundi 35 hadi 40. Vyote hivyo havifiki alichopoteza kwa kupunguziwa saa za kazi tangu leseni ya Tanzania ilipokwisha nguvu hadi alipofaulu. Ghali kuliko yote ilikuwa ile miezi kumi ambayo hakuna aliyemdai kitu.

Alipofaulu aliruhusiwa kuendesha peke yake siku ileile kabla kadi haijafika kwa posta. Vibao vya L nilivibandua mimi, yeye akarudi kwenye zamu za majumbani. Nilimkumbusha sheria ya madereva wapya ya 1995: ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza, leseni inafutwa na unarudi kwenye lena na mitihani yote miwili. Kushika simu ukiendesha ni pointi 6 kwa mkupuo, kwa hiyo WhatsApp ya nyumbani inasubiri.

Leseni yake ya Tanzania amebaki nayo, kwa kuwa hakuibadilisha na mtu yeyote. Itamfaa akienda Morogoro. Mdogo wake wa kiume amefika Septemba kusoma shahada ya pili, naye ana daraja D na uzoefu wa kupita Dodoma usiku. Dada alimpeleka Posta kuchukua fomu ya D1 kabla hajamwonyesha duka la kununulia unga wa ugali. Nadharia anaifanya mwezi ujao.